Mpaka Mama Aambiwe

Jumapili ile simu ya Générose haikulia.

Pale Misunkumilo kila mtu alijua kwamba Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, usimsemeshe huyu Générose, Mama Method, jambo la maana. Hakusikii. Ameketi barazani, stuli mbele yake, simu juu ya stuli, na macho juu ya simu. Method akipiga, kitu cha kwanza mama yake anachouliza si habari za vita wala za hiyo nchi ya watu. Anauliza, "Umekula?" Na Method, koplo mzima, mtu wa kombati na bunduki, anacheka mpaka wenzake wa huko nao wanasikika wakicheka. "Mama, jeshi linatulisha. Utaniuliza hivyo mpaka lini?" Naye humjibu, "Mpaka uote mvi."

Method alikuwa ng'ambo ya ziwa, kwenye misitu ya nchi ya jirani, na kikosi kilichopelekwa kulinda amani. Amani gani hiyo inayolindwa kwa mizinga, Générose hakuelewa na wala hakutaka kueleweshwa. Yeye alitaka kujua kama mtoto amekula, basi.

Siku hiyo alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikavuka njia. Akajiambia ni mtandao. Mpanda hii bwana, mvua ikipiga kidogo tu huko milimani, mtandao unaaga. Jioni akaamua kupiga yeye. Yule dada wa kwenye simu, mwenye sauti ya kujidai, akamjibu kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

Ndipo Monika alipoingia uani bila hata hodi.

Huyu Monika, Mama Ngusa, ni Msukuma, jirani wa ukuta kwa ukuta. Walikuja na mumewe kutoka Shinyanga wakiswaga ng'ombe. Mume akabaki na ng'ombe porini, upande wa barabara ya ziwani, yeye akapanga mjini auze maziwa. Ni mwanamke wa mwili, wa kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Mwanae Ngusa na Method walikwenda JKT siku moja kwenye basi moja, wakachaguliwa jeshini pamoja, na jeshi kwa bahati likawapanga kikosi kimoja. Tangu hapo hao mama wawili hawapiki mboga bila kuonjana.

"Mama Method, wako kapiga?"

"Hajapiga. Wako?"

"Na wangu hajapiga."

Wakatazamana. Mmoja asipopiga, unaweza kusema yuko doria, au kaishiwa vocha, au ni uvivu wa vijana. Lakini wawili, siku moja?

"Nimemuuliza na yule dada wa Makanyagio," Monika akasema taratibu. "Mumewe ni dereva wao hukohuko. Anasema tangu jana kimya."

Siku hiyo hakucheka hata kidogo. Aliaga akasahau ndala zake mlangoni.

Asubuhi wakaenda kwa Melkiadi.

Sasa Melkiadi huyo ni mtu wa kumjua. Staff sajenti mstaafu, fundi baiskeli pale kona ya kwenda kisimani, na mdomo haumkauki. Ukimpelekea pancha ya dakika kumi, utaondoka umesomeshwa jeshi zima. Anatandika gunia, anamwaga nati na bolti zake, anaanza: "Hii nati ni askari. Nati zikifika kama kumi, hiyo ni seksheni, ya koplo. Seksheni tatu, platuni, hapo kuna luteni. Platuni zikiungana, kombania, ya meja. Kombania zikiungana, kikosi, na mwenye kikosi ni luteni kanali, huyo akikohoa wote mnakohoa. Vikosi vinafanya brigedi." Anapanda hivyo mpaka anafika kwenye pedali, ndiyo Mkuu wa Majeshi, na juu yake kengele ya baiskeli, ndiye Amiri Jeshi Mkuu, yaani Rais. Kisha anauliza, "Nati moja ikilegea huku chini, kengele inajua?" Vijana wanajibu haijui. "Inajua!" anafoka. "Taarifa inapanda ngazi kwa ngazi, hairuki hata moja. Na amri inashuka vilevile. Hilo ndilo jeshi. Siyo bunduki. Bunduki hata majambazi wanazo."

Siku nyingine akina mama hawa wangemtania. Monika angemwambia, "Staff, na mimi na maziwa yangu unipange kwenye kombania basi." Lakini asubuhi hiyo walimwambia tu kwamba simu za watoto zimezimika, zote, kwa wakati mmoja.

Melkiadi akaanza kuokota nati zake mojamoja na kuzitia koponi, na nati zile hazikuwa zimemwagika popote, zilikuwa zimekaa vizuri tu kwenye gunia. Générose akaona mikono yake.

"Staff," Monika akasema, "mbona hujibu?"

"Mama Ngusa, mengine ni ya jeshi."

"Mtoto ni wa jeshi, sawa. Tumbo lilikuwa langu. Sema."

Akavuta pumzi, akaangalia njia kana kwamba kuna mkubwa wake anakuja. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwake, ya chini.

"Kukitokea msiba kambini, kitu cha kwanza simu zinakusanywa. Zote, za askari na za maafisa. Hakuna kupiga, hakuna meseji. Zamani ilikuwa kijana anampigia rafiki yake, rafiki anamwambia mkewe, mama mtu anakuja kusikia gengeni kwa muuza nyanya kwamba mwanae kafa. Jeshi likasema hapana. Msiba wa askari hausemwi kwa simu. Unasemwa kwa mdomo, na mtu aliyevaa sare, nyumbani kwa marehemu, kwa mzazi au mke aliyeandikishwa. Na simu hazifunguliwi mpaka mama aambiwe."

"Na kama kaumia tu?" Générose akauliza haraka.

"Aliyeumia unapigiwa. Hawaji."

"Wakija wanakujaje?"

"Gari la jeshi. Kapteni hivi, au meja. Ukimwona kapteni peke yake, huyo pengine kaja kuposa." Alijaribu kucheka, ikamshinda. "Ukimwona na padri wa jeshi, mama zangu, tandikeni mkeka."

Monika akashika mkono wa Générose, akaukaza mpaka pete ikamuumiza. Wakarudi nyumbani hivyohivyo. Kila mmoja alikuwa anaomba, na kila mmoja alijua mwenzake anaomba nini, maana hapakuwa na maombi ya kuwatosha wote wawili. Mbaya sana jambo hilo. Huwezi kumwombea mwanao bila kumgusa mtoto wa mwenzako.

Gari lilikuja kesho yake, jua likiwa limeshapanda.

Monika alikuwa mjini na madumu ya maziwa. Générose alikuwa uani anaanika mihogo juu ya bati. Alisikia injini kwanza, ile ya dizeli nzito, inakuja polepole, inasimama, inakuja tena, ya watu wanaotafuta nyumba. Kuku wakakimbia. Land Cruiser ya kijani ikasimama mbele ya mlango wake.

Alishuka kapteni, kijana bado, uso umenyolewa safi. Akashuka mtu mzima mwenye sare na misalaba midogo kwenye kola. Nyuma akashuka kijana wa ofisi ya kata, mgeni, aliyeletwa juzijuzi kutoka Tabora, hajui hata kisima kiko wapi. Mwenyekiti wa mtaa ndiye angewaonyesha, lakini alikuwa amesafiri kwenye msiba.

"Shikamoo, mama," kapteni akasema, akavua kofia.

"Marahaba."

"Tunamtafuta mama mzazi wa Koplo Method Lukasi."

Hapa inabidi ujue kitu kimoja, la sivyo utamwona Générose mwendawazimu.

Générose alizaliwa Burundi. Mwaka sabini na mbili alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Lori la jeshi lilisimama mbele ya nyumba yao asubuhi, wakashuka askari wawili wenye adabu sana, wakavua kofia, wakamsalimu mama yake, wakasema wanamtafuta mwalimu, mumewe, kwa mkutano mfupi. Mama akawapa maji ya kunywa. Akatuma mtu shambani amwite. Baba akaja anafuta udongo mikononi, akapanda lori, akawapungia. Basi. Ndiyo mara ya mwisho. Mama na watoto walikimbia usiku uliofuata, wakavuka, wakaishia Katumba hapa kwenye makazi ya wakimbizi, na njiani kote mama yule alirudia neno moja kama rozari: askari akikuuliza mtu wako, sema humjui. Akiwa na bunduki, humjui. Akiwa na adabu, ndiyo kabisa, humjui.

Générose alikua, akaolewa na Mbende wa Ikola, mvuvi, mtu mwema, akafiwa, akaja na mwanae wa mwisho mjini. Na huyo mtoto siku anasema anataka jeshi, alimlilia mpaka sauti ikakauka. "Mama," Method akamwambia, "lile lilikuwa jeshi la kule. Hili ni letu." Siku ya kuapa alikwenda, akavaa kitenge kipya, lakini gwaride lilipopiga risasi za heshima alikimbilia chooni, akajifungia, Monika akaja kumtoa. Walicheka habari hiyo mwaka mzima.

Sasa lile lori lilikuwa limesimama tena mlangoni, na kofia zimevuliwa.

"Simjui," Générose akasema.

Kapteni akamwangalia yule kijana wa kata. Kijana akasema, "Lakini nimeelekezwa nyumba ya mlango wa bluu."

"Milango ya bluu iko mingi." Sauti yake ilitoka imara, akaishangaa mwenyewe. "Kulikuwa na mpangaji hapa, mama mmoja Mrundi. Alirudi Ikola, ziwani, kwa wakwe zake. Siku nyingi sasa."

Wakati huohuo Eufrazia akatokea njiani na ndoo ya maji kichwani. Nakwambia, mtaa mzima unamwita huyu Eufrazia redio. Kitu kikipita masikioni mwake asubuhi, mchana kiko sokoni. Na kila siku akipita pale husema kwa kelele, "Za asubuhi, Mama Method!" Générose akamwona anakuja, na hakuwa na pa kujificha. Eufrazia akaangalia gari. Akaangalia kola ya padri. Akamwangalia Générose usoni.

"Za asubuhi, mama," akasema, akapita.

Kapteni akashukuru. Padri hakuondoka haraka. Alisimama akitazama ile mihogo juu ya bati, kisha akamtazama mwenye mihogo. Wakapanda, gari likageuza, likashika barabara ya kwenda ziwani. Générose akarudi kuanika mihogo yake. Alipomaliza kuipanga, akaikusanya yote na kuanza kuipanga upya.

Alikuwa ameshinda. Hivyo ndivyo alivyojiambia, jamani. Melkiadi mwenyewe si kasema? Jeshi halitangazi mpaka mama aambiwe. Basi mama hataambiwa. Wazunguke Ikola, wazunguke Kapalamsenga, wazunguke ufuko wote, na Method atakaa hapohapo alipo, katikati, hana wa kumtangaza. Alikuwa na wazimu, ndiyo, lakini ulikuwa wazimu wenye hesabu zake.

Alisahau mtu mmoja tu.

Monika alirudi mchana mbio, madumu yanagongana. Kasikia sokoni kwamba gari la jeshi limeonekana Misunkumilo.

"Walikuja kwako? Mama Method, walisema nini?"

"Walikuwa wanaulizia njia."

"Njia ya wapi?"

"Ya... ya kwenda ziwani."

Monika akakaa chini, palepale mavumbini. "Njia hiyohiyo ndiyo ya kwenda kwenye ng'ombe. Unapita hapo kabla ya kukata kushoto. Wamenikosa mimi, wameenda kwa baba yake." Akaanza kutikisa kichwa. "Mayu wane, mama yangu wee! Nilikuwa nauza maziwa. Wamekuja kuniambia mwanangu kafa, mimi napima maziwa."

"Hujui bado. Mama Ngusa, nisikilize, hujui bado."

"Na wewe wamekukuta. Ungekuwa wako wangekwambia wewe."

Alichokisema kilikuwa sawasawa kabisa. Kumwambia Monika "si wako" ilikuwa ni kusema "ni wangu." Générose akachukua madumu, akaanza kuyaosha.

Mchana huo Monika alimlilia Ngusa. Kwa Kisukuma, kwa jina lake na la babu yake, akihesabu ng'ombe aliochunga na mbwa aliowafuga. Majirani wakaja, wakasimama mlangoni, wakaogopa kuingia kwenye msiba ambao haujatangazwa. Melkiadi naye alikuja, akabaki ameshika fremu ya mlango. Eufrazia alikuja na uji, akamwekea Monika, kisha akamtazama Générose kwa muda mrefu. Macho yale yalimchoma Générose kuliko matusi.

Monika hakunywa uji. Presha yake ilianza, miguu ikavimba, kichwa kikamuuma. Akalala kwenye mkeka wa Générose na kitambaa cha maji usoni. Kila baada ya muda mfupi alinyoosha mkono, akapiga namba ya mwanae, na yule dada wa kwenye simu akajibu.

Jua likiwa linazama, simu ya Générose ikalia.

Wote wawili waliruka. Lakini aliyepiga alikuwa Maiko, mdogo wa marehemu mumewe, kutoka Ikola. Générose akatoka nayo nje.

"Shemeji, kuna wanajeshi hapa wanakutafuta. Wamezunguka mpaka kwenye vichanja vya dagaa wanauliza watu. Nimewaambia hujawahi kuhama, uko hapo Misunkumilo. Kuna nini?"

"Wamekwambia nini?"

"Wamekataa. Nimewaambia mimi ni baba yake mdogo, wamesema hapana, mama kwanza. Barabara imeharibika, watalala hapa, asubuhi na mapema wanakuja huko." Akashusha sauti. "Shemeji, nimewapa chakula. Yule padri ameshindwa kula."

Akakata simu. Aliporudi ndani, Monika alikuwa ameinuka kwa kiwiko.

"Nani?"

"Shemeji yangu wa Ikola. Habari za dagaa."

Monika akalala tena. Générose akadhani kasinzia. Kisha akasema, bila kufumbua macho:

"Mama Method, wakifungua simu, wako akipiga, nina ombi. Mwambie asimwache mwenzake arudi peke yake kwenye sanduku. Amsindikize. Ngusa tangu utoto anaogopa kuwa peke yake. Method akiwa karibu hataogopa."

Générose akatoka uani, akaenda nyuma ya choo.

Hapo nje, amejishika ukuta, alimkumbuka mama yake. Siyo siku ya lori. Alimkumbuka baadaye, miaka na miaka, kule Katumba. Kila jioni mama yule alipakua ugali kwenye sahani ya baba, akaifunika, akaiweka pembeni ya jiko, maana hakuna mtu aliyewahi kuja kumwambia chochote. Hakuna kapteni, hakuna padri, hakuna kaburi. Watoto wakikua na njaa zao wanaitazama sahani ile, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa, kwa sababu baba hajala. Asubuhi chakula kimekauka, anapewa mbwa. Mama yake aliingia kaburini bado anaangalia njia. Na Générose, mtoto wake, mtu aliyekula njaa ya sahani ile, ndiye leo amewapa askari njia ya uongo ili asiambiwe.

"Mana yanje, Mungu wangu," akasema kwa sauti. Hakuwepo wa kumsikia ila kuku.

Asubuhi alioga, akavaa kitenge cha siku ya kuapa. Monika alikuwa amelala, anahema kwa shida. Générose akamfunika miguu, akatoka, akaenda kusimama pale barabara ya ziwani inapoingilia mtaani, ili gari lisipate shida ya kutafuta tena.

Melkiadi alikuwa anafungua banda lake. Akamwona amesimama pale, amevaa vile, peke yake. Akaelewa. Alikuwa na mengi ya kusema maisha yake yote mtu huyu, lakini asubuhi ile aliweka chini pampu aliyoshika, akabana visigino, akasimama mguu sawa kando ya gunia lake la nati, na hakutikisika.

Gari likatokea, limejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Likasimama. Kapteni akashuka, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamtambua mara moja. Ungemsamehe kama angekasirika.

"Jana nilikudanganya, mwanangu," Générose akasema. "Mama Method ndiye mimi."

Kapteni akavua kofia. "Mama, naomba twende nyumbani, ukae kwanza."

"Sema hapahapa. Nimesimama."

Kapteni akamwangalia padri, padri akaitikia kwa kichwa. Akabana visigino, akasema maneno yale kama yalivyo, hakuyazungusha: Koplo Method Lukasi, akiwa doria na wenzake, walishambuliwa, akapoteza maisha akilitumikia taifa. Sauti ilimkatika kwenye jina, akaanza upya, akamaliza.

Générose hakuanguka. Alimtazama yule kapteni kijana mpaka kapteni mwenyewe akainamisha macho.

"Wenzenu walimchukua baba yangu," akasema. "Mama yangu alisubiri warudi kusema. Hawakurudi. Nyie mmerudi mara mbili." Akajifunga kitenge vizuri. "Haya. Nimeambiwa. Wafungulie wenzangu simu."

"Ndiyo, mama." Akageukia redio ya gari.

Nyumbani, Monika aliamka kwa kusikia buti. Akaona kapteni, akaona padri, akapiga ukelele, akaanza kutambaa kwenye mkeka kurudi nyuma. Générose akamfuata, akapiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Si wako. Nisikie. Si wako. Ni Method."

Monika hakuelewa. Kisha akaelewa, yote kwa mpigo, gari la jana na njia ya ziwani na dagaa, na usoni mwake vikapita vitu vingi haraka, furaha, na hasira, na aibu ya ile furaha. Akamkumbatia Générose, wakaanguka pamoja. Na hapo ndipo Générose alipolia. Alilia Kirundi, lugha aliyomlilia baba yake, mpaka majirani wakaingia bila kuitwa, Eufrazia mbele.

Padri alikuwa katikati ya sala wakati simu zilipoanza. Ya kwanza ilisikika mbali, nyumba za bondeni, na mara sauti ya mwanamke ikipiga vigelegele, kisha vikakatika ghafla, mtu kamziba mdomo. Kisha ikalia ya Monika, pale kwenye mkeka, kwa ule wimbo wa Bongo Fleva aliouweka Ngusa mwenyewe. Watu wote wakaitazama. Monika akaikalia kwa haraka, aizime kwa mwili wake, machozi yanamtiririka, "Samahani, mama, samahani."

"Pokea," Générose akasema.

"Siwezi."

"Pokea, mtoto asubiri nini?"

Monika akapokea. Ngusa naye upande wa pili alikuwa analia, sauti inatoka vipandevipande, watu wote chumbani wakaisikia: "Mama... nilikuwa naye... Mama Method kashaambiwa?"

Générose akanyoosha mkono. Monika akampa simu. Akaiweka sikioni, akafuta pua kwa ncha ya kitenge, akatuliza sauti kama anavyofanya kila Jumapili.

"Ngusa mwanangu," akasema, "umekula?"